Ebrahim Hussein na Kaburi la Matasia: Wasifu wa Mtunzi Utufae Vipi Darasani?

Watahiniwa wengi wakitakiwa kumzungumzia mtunzi wa tamthilia huanza na tarehe. Watasema alizaliwa lini, alisomea wapi na aliandika vitabu vingapi, kisha aya ikiisha mtunzi huyo husahaulika hadi mwisho wa insha. Sisi walimu ndio tuliowafunza hivyo. Siku ya kwanza ya kitabu kipya tunaandika ubaoni "Wasifu wa Mwandishi", wanafunzi wananakili, kipindi kinakwisha. Kuanzia kipindi cha pili tunaingilia dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za uandishi, na ule wasifu unabaki katika ukurasa wa kwanza wa daftari kama picha ya babu iliyotundikwa ukutani: ipo, lakini hakuna anayeisemesha.

Makala haya yanajaribu kumrejesha mtunzi mmoja darasani kwa njia nyingine. Nimemteua Ebrahim Hussein kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna anayeweza kuieleza historia ya tamthilia ya Kiswahili bila kumtaja, ijapokuwa wanafunzi wetu wa leo, waliolelewa na Kigogo na Bembea ya Maisha, humjua kwa jina la Kinjeketile tu, na wengine hata hilo hawalijui. Pili, tamthilia yake ya mwaka 1988, Kwenye Ukingo wa Thim, ilichochewa na kisa ambacho nusu yake kiko hapa kwetu Kajiado. Mimi hufundisha Kitengela. Nilikuwa nimeisoma tamthilia hiyo mara mbili chuoni bila kutambua kwamba shamba lililozua ugomvi wenyewe liko ng'ambo ya wilaya yetu ya zamani, mwendo wa matatu mbili tu kutoka lango la shule.

Kabla ya Hussein

Ni vyema mwanafunzi ajue kwamba tamthilia ya Kiswahili haikuanza na Hussein. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance hapa Kenya walikuwa wakitunga na kuigiza michezo ya Kiswahili, na baadhi yake, kama vile Nakupenda, Lakini... wa Henry Kuria, ilichapishwa. Mwalimu wa Kiingereza Graham Hyslop naye alitoa michezo yake, ukiwemo Afadhali Mchawi. Michezo hii ilikuwa mifupi, ya kuchekesha na kuonya, na aghalabu ilimhusu kijana aliyeponzwa na mji, mapenzi au pesa. Ilitimiza kazi yake. Hata hivyo, mtu akiisoma leo hatapata mhusika anayebishana na nafsi yake hadi kukesha. Wahusika wake wanajua lililo jema na lililo baya tangu mwanzo. Kinachosubiriwa ni nani ataadhibiwa.

Hussein alianzia papo hapo. Alizaliwa mwaka 1943 huko Kilwa, pwani ya kusini ya Tanganyika, akasomea Dar es Salaam na kuingia chuo kikuu huko. Michezo yake ya awali, Wakati Ukuta na Alikiona, iliyotolewa Nairobi katika kitabu Michezo ya Kuigiza, ina asili hiyohiyo ya nyumbani: binti anayevutana na wazazi wake, mke na mume na jirani. Alikiona imechota hasa katika vichekesho vya pwani, vile vilivyokuwa vikiigizwa katikati ya shughuli za taarabu ili watu wacheke kabla muziki haujarudi. Basi mtahiniwa akiandika "mwandishi alizaliwa pwani", na aendelee: ndiyo maana mazungumzo yake yana mafumbo na vijembe vya mitaa ya Waswahili, na ndiyo maana anaweza kumfanya mhusika atukane kwa adabu. Tarehe ya kuzaliwa peke yake haina alama wala haina maana.

Mwaka 1969 Kinjeketile ikatoka. Tukumbuke mwaka huo ulivyokuwa. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967; chuo kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikichemka kwa mijadala ya ujamaa na ukombozi wa Afrika; Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoa tafsiri yake ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, mwaka huohuo. Kila mtu alikuwa akimtafuta shujaa wa kitaifa, na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa na shujaa tayari: mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji na kuwaahidi kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Kijana mwingine angeandika sifa zake, pazia likafungwa kwa vigelegele.

Hussein hakufanya hivyo. Katika utangulizi wake mwenyewe anamtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wake ni wa sanaa, hakupimwa kwa kipimo cha mwanahistoria. Naye anamuumba mtu mwenye shaka. Kinjeketile anapagawa na Hongo, anatoka mtoni na neno la umoja, makabila yanaanza kushikana mikono; kisha, akili zikimrudia, anagundua kwamba neno lile lilikuwa pia na jambo la kuwafanya watu wake wawe wana wa Seyyid Said. Yaani watoke mikononi mwa Mdachi waingie mikononi mwa Sultani! Anataka kulirekebisha neno lake na hawezi tena. Limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Watu wameshalichukua, wanalitembeza, wanalipigania. Mwishoni, akiwa kifungoni, wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kwamba neno hilo sasa ni mali ya watoto ambao hawajazaliwa.

Naomba mwalimu mwenzangu alishike jambo hili la neno linalomzidi aliyelitoa, maana tutalihitaji tukifika Matasia.

Ngoma na vailini

Kuna shairi la Hussein la miaka hiyo liitwalo "Ngoma na Vailini". Ni miongoni mwa mashairi huru ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanasema kwamba bila vina na mizani hakuna shairi. Mzungumzaji wake anavutwa na sauti mbili, ya ngoma na ya vailini, na hawezi kuikana hata moja. Walimu hulifasiri kuwa ni "mgongano wa Uafrika na Uzungu", na si kosa, ila tafsiri hiyo inalimaliza shairi upesi mno. Mgongano unaosemwa hapo hauko uwanjani baina ya majeshi mawili, uko ndani ya kifua cha mtu mmoja, na mtu huyo hajaomba kuamuliwa.

Ukishaliona shairi hilo unaanza kuwaona watu wa namna hiyo kila mahali katika kazi zake. Katika Mashetani (1971) kuna Juma na Kitaru, marafiki wawili wasomi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Familia ya mmoja ilikuwa na mali ikaipoteza. Familia ya mwingine inapanda ngazi. Wanacheza mchezo chini ya mbuyu, mmoja shetani, mwingine binadamu, na mchezo huo unamuuguza Kitaru kwa kweli. Ni tamthilia ngumu. Nilipokuwa mwanafunzi niliiogopa, na sina hakika kwamba nimeacha kuiogopa.

Baada ya hapo alikwenda Ujerumani Mashariki, akaandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Wahakiki hupenda kusema kwamba huko "aliathiriwa na Brecht", na watahiniwa hulinakili neno hilo bila kujua Brecht alikuwa nani. Bertolt Brecht alikuwa mtunzi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1956 katika jiji hilohilo, na alitaka mtazamaji akumbuke wakati wote kwamba anatazama mchezo, ili afikiri badala ya kulia tu. Hilo Hussein alilijua. Lakini angalia alichoandika aliporudi: Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), kazi mbili fupi katika mtindo wa ngano, zenye msimulizi mmoja anayesimama mbele ya hadhira kama bibi anavyosimulia jioni. Msimulizi wa namna hiyo naye hakuachi usahau kwamba unasimuliwa. Kwa maoni yangu, alikwenda Berlin akagundua kwamba walichokuwa wakikitafuta wenyeji wake kilikuwa tayari kwa nyanya zetu.

Arusi (1980) nitaipita haraka. Ni kitabu cha mtu aliyesikia ahadi nyingi na sasa anahesabu zilizotimizwa. Katika miaka hiyo ya 1980 Hussein aliacha kazi ya kufundisha chuo kikuu na kujiondoa katika macho ya watu. Hapa nawaonya watahiniwa. Nimesahihisha insha zinazoeleza kwa uhakika kabisa kwa nini mwandishi alinyamaza: eti alikata tamaa na siasa, eti aliudhiwa na wenzake. Mtu akinyamaza, msijaze kimya chake kwa maneno yenu. Kama tutakavyoona, kuna tamthilia nzima juu ya kosa hilo, na ni yake.

Kesi ya S. M. Otieno

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa kesi za jinai jijini Nairobi. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui Waiyaki, alikuwa Mkikuyu, na katika ujana wake alishiriki katika harakati za Mau Mau. Waliishi Lang'ata na walikuwa na shamba Upper Matasia, karibu na Ngong, katika iliyokuwa Wilaya ya Kajiado. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Wambui alitaka kumzika Matasia, akisema kwamba ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo, ukiongozwa na ndugu wa marehemu Joash Ochieng Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake.

Walimu waliokuwa watu wazima mwaka 1987 wananieleza kwamba nchi nzima ilisimama. Magazeti yaliandika maneno ya mashahidi karibu neno kwa neno, na watu walikuwa wakisomeana katika mabasi na vyumba vya walimu. Wakili Khaminwa alimtetea Wambui, wakili Kwach akausimamia ukoo. Mwanafalsafa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kueleza mila. Mchimba makaburi mmoja kutoka Siaya aliapishwa na kueleza aliyoambiwa na marehemu enzi za uhai wake kuhusu kaburi lake. Mwezi Februari 1987 Jaji Bosire aliamua kwamba ukoo una haki, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwezi Mei. Tarehe 23 Mei 1987 Otieno alizikwa Nyalgunga, siku 154 baada ya kufa, bila mkewe kuhudhuria.

Mwaka uliofuata Kwenye Ukingo wa Thim ikachapishwa Nairobi. Katika tamthilia wakili anaitwa Herbert na mkewe anaitwa Martha. Mtanzania wa pwani, asiye Mjaluo wala Mkikuyu, alikuwa amesikia kilichokuwa kikitendeka kwa majirani na akakitambua: ni yule mtu wake wa zamani, wa ngoma na vailini, ambaye safari hii amekufa, kwa hiyo hata kujieleza hawezi.

Lazima mwanafunzi aonywe mapema asiichukue tamthilia kama ripoti ya kesi. Wako wanaoandika "Wambui anasema" mahali pa "Martha anasema". Hussein aliwaonya wasomaji wake tangu Kinjeketile kwamba sanaa ina haki ya kuchukua na kuacha. Mwisho wa tamthilia sitausimulia hapa. Asiyeisoma aitafute, na asiyeweza kuisoma kwa Kiswahili ana tafsiri ya Kiingereza ya Kimani Njogu ya mwaka 2000. Ninachotaka kutazama ni jina lake.

Thim, dala, nyumbani

Thim ni neno la Kijaluo lenye maana ya pori au nyika, mahali pasipo na boma la watu. Kinyume chake ni dala, boma, kwao mtu. Kijaluo pia kina ot, nyumba ya kulala. Mahakamani tofauti hii ilikuwa kiini cha hoja za ukoo: kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Lang'ata na nyumba Matasia na nyumba kumi nyingine, lakini dala ni moja, ile iliyosimikwa kwa kufuata mila katika ardhi ya ukoo. Nyumba inanunuliwa. Dala hainunuliwi.

Kiswahili chetu kina utajiri wake hapa na ni ajabu kwamba hatuutumii tunapoifundisha tamthilia hii. Mwambie mwanafunzi wa Kitengela atofautishe "nyumba", "nyumbani", "kwangu" na "kwetu". Wangu walianza kwa kucheka na wakamaliza kwa kugombana. "Nyumbani" kwa mmoja ni ploti nyuma ya soko ambapo wazazi wake wanaishi. "Kwetu" ni Machakos. Kwa mwingine "nyumbani" na "kwetu" ni Kisii, na Kitengela ni "tunakoishi". Mmoja, ambaye baba yake ni Mluhya na mama yake ni Mkamba, alisema "kwangu" ni hapa na "kwetu" hapajui. Mji wetu umejaa watu waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya Athi River na kwingineko, wakanunua kipande cha ardhi kwa Wamaasai, wakajenga. Karibu kila mmoja wao yumo ndani ya tamthilia hii na hajui.

Kisha mvulana mmoja aliyekaa dirishani, Mmaasai wa upande wa Isinya, akainua mkono. Akauliza: "Mwalimu, hilo pori wanalosema ni la Matasia? Kwetu ndiko kunaitwa pori?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa nimeifundisha tamthilia hiyo miaka mitatu bila kulifikiria. Nilimwambia kwamba thim katika tamthilia ni sitiari, kwamba kuwa ukingoni mwa thim ni hali ya mtu aliyetoka katika mila na hajafika kwingine, na kwamba mwandishi halisemi eneo lolote la Kajiado. Hayo ni kweli. Lakini mvulana alikuwa ameona jambo lililotupita. Watu wawili walibishana nchi nzima ikisikiliza iwapo udongo huo ni nyumbani au sivyo, na wenyewe wa udongo huo hawakuulizwa. Aliongeza kwamba zamani Wamaasai hawakuwa wakizika wengi wa wafu wao, walizikwa wazee wakubwa tu, na kwamba babu yake husema kaburi ni jambo la wageni. Darasa zima likageuka kumtazama. Nadhani hicho kilikuwa kipindi changu bora cha fasihi tangu nianze kufundisha, nami sikusema mengi.

Kwa mwalimu anayefundisha upande huu, namshauri awaonyeshe wanafunzi njia yenyewe. Kutoka Kitengela unateremka hadi Isinya, unakata kulia kwa barabara ya Kiserian, unapita nyika na uzio wa ploti, kisha kutoka Kiserian unaelekea Ngong na Matasia iko njiani. Mwanafunzi akiuona mwendo huo ataelewa haraka kuliko kwa maelezo yangu jinsi pori linavyogeuka kuwa ploti, na ploti kuwa mahali ambapo mtu anatamani kulala milele.

Kosa langu

Nilikuwa nimeandaa swali la zoezi: "Kwenye Ukingo wa Thim ni tamthilia inayopinga ukabila. Jadili. (Alama 20)". Ni swali la kawaida. Mwongozo wa kusahihisha niliuandika mwenyewe: hoja 10, kila hoja alama 2, kila hoja iwe na mfano wa kitabuni. Ndoa ya makabila tofauti, chuki ya jamaa, lugha ya dharau, na kadhalika.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu hakutaja ukabila ila mara moja. Aliandika kwamba katika tamthilia hii kila mtu anajua alichokitaka marehemu isipokuwa marehemu. Akaeleza kwamba watu wa ukoo wanamsemea, mkewe anamsemea, sheria inamsemea, na kwamba anayemsemea maiti huwa anajisemea yeye. Akaandika pia kwamba Martha hasikiki kwa sababu ni mke, na kwamba hata kama angekuwa wa kabila la mumewe huenda asingesikika. Nilitafuta hoja zangu kumi ndani ya insha hiyo nikaziona tatu na nusu. Nikampa alama 7 na kuandika kwa kalamu nyekundu: "Umetoka nje ya swali."

Wiki mbili baadaye mwalimu wa zamu alinieleza, kwa jambo jingine kabisa, kwamba baba wa msichana huyo alizikwa likizo iliyotangulia, mbali sana na Kitengela, na kwamba mama yake alirudi peke yake na watoto. Nilirudi kuisoma insha ile. Nisingependa msomaji afikiri kwamba niliibadilisha kwa huruma. Niliibadilisha kwa sababu alikuwa sahihi na mwongozo wangu haukuwa sahihi.

Tazama hoja yake kando ya wasifu wa mtunzi. Mtu aliyeandika Kinjeketile alijua kwamba neno likishatoka kinywani huchukuliwa na wengine na kutumika kwa kazi ambayo msemaji hakuikusudia. Miaka kumi na tisa baadaye anaandika juu ya mtu ambaye neno lake la mwisho, pale ataka kuzikwa, linavutwa huku na huku na watu wanaodai kulisikia. Kinjeketile angalau alikuwa hai, angeweza kukataa. Herbert hawezi. Hapo ndipo wasifu unapofaa: unatuonyesha kwamba kitabu cha 1988 ni swali la 1969 lililokomaa, nani ana haki ya kulishika neno la mtu na mwili wake, na kwamba kesi ya Nairobi ilimpa mtunzi mahali pa kuliuliza. Ukabila umo, bila shaka, kama vile moshi ulivyomo jikoni. Lakini mtahiniwa akiishia hapo, Martha atakuwa Mkikuyu tu katika insha yake, na ujane wake hautaonekana.

Suala la ujane linahitaji tahadhari ya wakati pia. Mahakama ya 1987 iliongozwa na sheria iliyoagiza mahakama zizingatie mila za Kiafrika mradi haziendi kinyume cha haki na maadili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 2, inasema kwamba sheria yoyote, zikiwemo za kimila, inayokinzana na Katiba ni batili kwa kiwango hicho cha ukinzani, na Kifungu cha 45 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Mwanafunzi wa leo husoma tamthilia hii akidhani Martha angekwenda tu mahakamani na kushinda. Ni lazima aambiwe kwamba yule wa kweli alikwenda, akashindwa. Tena aambiwe kwamba familia nyingi hazifiki mahakamani kamwe. Zinaamuliwa jioni moja, chini ya turubai la matanga, na wajomba.

Swali langu siku hizi linasomeka hivi: "'Kila mtu anamsemea Herbert.' Kwa kurejelea Kwenye Ukingo wa Thim, jadili ni nani mwenye haki ya kumsemea, na onyesha jinsi mtunzi alivyowahi kulishughulikia suala kama hili katika kazi nyingine uliyoisoma. (Alama 20)". Nimeongeza hiyo sehemu ya pili ili wasifu utumike katikati ya insha, pale unapohitajika, badala ya kukaa mwanzoni kama kitambulisho. Wanaolifanya vizuri huenda kwenye Kinjeketile. Wachache huenda kwenye lile shairi. Yule mvulana wa Isinya alikwenda kwenye kitabu teule cha riwaya kilichokuwa mkononi mwake, jambo ambalo halikuruhusiwa na swali, nikampa alama mbili za ujasiri na kumkata moja.

Kuhusu insha ya msichana, niliisahihisha upya nikampa 16. Nilimwita chumba cha walimu nikamweleza kwamba nilikuwa nimekosea. Aliuliza kama alama itabadilika kwenye ripoti. Ilikuwa imekwisha kwenda kwa mzazi, nikamwambia hivyo. Akaikunja karatasi na kuitia ndani ya kitabu. Maktaba yetu ina nakala mbili tu za Kwenye Ukingo wa Thim, zote kuukuu. Hiyo moja bado iko kwake, nami katika daftari la maktaba nimeandika kwamba imeazimwa.